Jua na Vyombo vya Plastiki: Namna ya Kulinda Tangi, Bomba na Kiti Visichakae Kabla ya Wakati

Ndugu mkazi, ukitazama ua wa nyumba yoyote katika kata zetu leo, hutakosa kuona plastiki. Lipo tangi la kuvunia maji ya mvua, bomba litokalo kwenye mita, madumu ya kutekea maji, viti vya wageni, kamba ya kuanikia nguo, turubai la kukaushia mahindi na bomba la hewa la choo. Vitu hivi vimeingia katika maisha yetu kwa sababu ni vyepesi, havishiki kutu na bei yake hubebeka. Hata hivyo vina adui mmoja ambaye huwatembelea wote kila siku bila kubisha hodi, naye ni jua.

Somo la toleo hili linaeleza jinsi jua linavyoharibu plastiki, sababu za jua la nchi yetu kuwa kali zaidi kwa vyombo hivyo, na hatua ambazo kila kaya, shule, zahanati na kamati ya maji inaweza kuzichukua kwa gharama ndogo.

Jambo hili si dogo. Chukua tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika. Maji hayo ni ndoo 250 za lita 20. Kaya ya watu watano, iwapo kila mtu atatumia lita 20 kwa siku, itatumia lita 100 kila siku, na hivyo tangi hilo litaitosheleza kwa siku 50. Tangi hilo likipasuka katikati ya kiangazi, kinachomwagika si maji pekee. Humwagika pia muda wa mama na watoto watakaorudi kutafuta maji mbali, pamoja na fedha za kununua tangi jingine ambazo pengine zilikuwa karo ya shule au mbegu za msimu ujao.

Plastiki ni kitu gani?

Plastiki imeundwa kwa molekuli ndefu mno, mfano wa mnyororo wenye maelfu ya pete. Pete hizo kwa kawaida ni atomi za kaboni zilizoshikana, huku pembeni zikiwa zimefungamana na atomi za hidrojeni au za klorini. Urefu wa minyororo hiyo na namna inavyosokotana ndivyo vinavyokipa chombo uimara wake. Minyororo ikiwa mirefu, chombo hupinda bila kukatika. Ikikatwakatwa kuwa mifupi, chombo hicho hicho huvunjika kama kigae.

Aina tatu ndizo zinazotuhusu zaidi hapa. Ya kwanza ni polietilini, iliyogunduliwa mwaka 1933 nchini Uingereza na wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walipokuwa wakifanya uchunguzi mwingine kabisa. Hiyo ndiyo hutengenezwa matangi ya maji, madumu, mabomba meusi ya kuviringisha na karatasi za nailoni za kufunikia vitalu. Ya pili ni polipropilini, ambayo hutumika katika viti, viroba, kamba na ndoo nyingi. Ya tatu ni ile tunayoiita PVC, ambayo hutengenezwa mabomba magumu ya maji, mifereji ya kukinga mvua na maganda ya nyaya za umeme.

Jua huikata vipi minyororo hiyo?

Mwanga wa jua tunaouona ni sehemu tu ya mionzi inayotufikia. Ng'ambo ya rangi ya urujuani kuna mionzi ambayo jicho haliioni, nayo huitwa mionzi ya urujuanimno. Urefu wa mawimbi yake ni mdogo kuliko nanometa 400, na nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo linavyobeba nguvu nyingi zaidi. Mionzi hiyo ina nguvu ya kutosha kuvunja kifungo kati ya atomi moja ya kaboni na nyingine.

Plastiki safi isiyo na doa lolote isingedaka mionzi hiyo kwa wingi. Lakini hakuna chombo kinachotoka kiwandani kikiwa safi kwa kiwango hicho. Mabaki madogo ya viambata vya kutengenezea, pamoja na sehemu zilizoungua kidogo wakati plastiki ilipoyeyushwa, hudaka mionzi hiyo na kuwa mlango wa uharibifu. Kifungo kimoja kikivunjika, hubaki ncha isiyotulia. Ncha hiyo hushikana na oksijeni ya hewani, na muungano huo huzaa ncha nyingine zisizotulia, nazo huendelea kushambulia minyororo ya jirani. Joto huiharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo chombo kilicho juani huharibiwa na vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja: mwanga huanzisha, oksijeni huendeleza, joto huharakisha.

Polipropilini hushambuliwa upesi kuliko polietilini, kwa kuwa umbo la mnyororo wake lina hidrojeni ambazo hung'oka kwa urahisi zaidi. PVC huharibika kwa njia ya peke yake: hupoteza hidrojeni na klorini zake, ikaanza kugeuka manjano kisha kahawia, na baadaye ikapoteza uwezo wa kustahimili pigo.

Uharibifu huanzia usoni mwa chombo na kuingia ndani polepole. Ndiyo sababu kitu chembamba hufa mapema kuliko kitu kinene. Uzi wa kiroba una unene mdogo sana, hivyo mionzi huupenya wote. Ukuta wa tangi ni mnene, hivyo tabaka la nje hujitoa kafara kwa muda kabla ya la ndani kufikiwa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na hivyo ndivyo jua linavyofanya.

Kwa nini jua letu ni kali zaidi?

Nchi yetu iko kusini tu ya mstari wa Ikweta, na hilo lina maana kubwa kwa plastiki. Katika nchi za mbali na Ikweta, jua hupita pembeni mwa anga na mionzi yake husafiri njia ndefu ndani ya hewa, ambako sehemu kubwa hupungua nguvu. Kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Mathalani, mjini Dodoma hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Njia ya mionzi ndani ya hewa huwa fupi, nayo hutufikia ikiwa bado na nguvu.

Urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari nao una sehemu yake. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja hupungua. Mkazi wa nyanda za juu anaweza kudhani kwamba ubaridi unavisalimisha vyombo vyake. Ubaridi humpunguzia joto, lakini haumwondolei mionzi. Naye mkazi wa pwani ana jambo jingine la kuzingatia: mchanga mkavu mweupe hurudisha juu takriban asilimia 15 ya mionzi hiyo, hivyo chombo hushambuliwa kutoka juu na kutoka chini pia.

Mawingu mepesi nayo yasitudanganye. Sehemu kubwa ya mionzi hupenya. Aidha, zaidi ya nusu ya mionzi ya siku nzima hutufikia kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Chombo kinachokaa kivulini kwa saa hizo nne pekee huwa kimeepushiwa zaidi ya nusu ya madhara ya siku.

Kinga inayowekwa kiwandani

Watengenezaji wanaijua hatari hii, na kwa vyombo vya nje huchanganya kinga ndani ya plastiki yenyewe. Kinga ya zamani na iliyo imara kuliko nyingi ni masizi ya kaboni. Chembe zake nyeusi na ndogo mno hudaka mionzi kabla haijafika kwenye minyororo, na kuigeuza kuwa joto. Mabomba meusi ya polietilini ya kusafirishia maji hutakiwa kuwa na masizi yapatayo asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake, yakiwa yamesambaa sawasawa. Kwa sababu hiyo bomba jeusi lenye mistari ya buluu hustahimili jua kuliko bomba la PVC la kijivu au la buluu.

Kwa vyombo vyeupe hutumika unga wa madini ya titani, ambao hurudisha mwanga. Kwa vyombo vya rangi nyingine huchanganywa vidhibiti maalumu: baadhi hudaka mionzi, na baadhi huzituliza zile ncha zilizovunjika kabla hazijashambulia jirani.

Lakini vidhibiti hivyo hutumika na kwisha. Havidumu milele. Chombo kilichowekewa kinga ni mfano wa mtu aliyepewa akiba ya chakula: akiishi kwa uangalifu, akiba humfikisha mbali, akiitapanya, huisha mapema. Kivuli tunachokiwekea chombo hicho ndicho kinachoifanya akiba idumu.

Jinsi ya kutambua aina ya plastiki

Kabla ya kuchagua njia ya kulinda, ni vema kujua unalinda nini. Geuza chombo utazame kitako chake. Vingi vina alama ya pembetatu yenye namba ndani. Namba 2 na 4 ni polietilini, namba 3 ni PVC, na namba 5 ni polipropilini. Namba 1 ni ile ya chupa za maji ya kunywa.

Kama alama haipo, chukua kipande kidogo kilichovunjika ukitumbukize katika ndoo ya maji. Polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. PVC ni nzito, kwa hiyo huzama. Tofauti hii ina faida, kwani PVC hupokea rangi ya kupaka vizuri, ilhali polietilini na polipropilini huikataa: rangi hukauka juu yake kisha ikabanduka. Hizo mbili za mwisho hulindwa kwa kivuli na kwa kufunikwa.

Tangi la maji

Unaponunua, chungulia ndani. Tangi la nje lisiruhusu mwanga kupenya. Likionyesha mwanga ndani, maji yataota ukijani wa mwani, na mionzi inapenya ukuta wake. Tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), omba dhamana ya maandishi, na tunza risiti. Uliza pia tangi hilo limekaa muda gani nje ya duka, kwa maana jua halisubiri mauzo ndipo lianze kazi.

Mahali pa kuliweka ni muhimu kama tangi lenyewe. Kati ya Machi na Oktoba jua letu la mchana huegemea kaskazini, na kati ya Oktoba na Machi huegemea kusini. Kwa hiyo ukuta wa nyumba ulio upande mmoja hutoa kivuli kwa sehemu ya mwaka tu. Kinga iliyo bora ni paa dogo la bati au makuti juu ya tangi, lililoachwa wazi pembeni ili hewa ipite. Mti nao hufaa, mradi mizizi yake isiinue kitako cha tangi na matawi makavu yasiliangukie.

Kitako kiwe tambarare na imara. Tangi la lita 5,000 likijaa hubeba tani 5 za maji, na ukuta uliodhoofishwa na jua hupasukia mahali penye mkazo: kwenye jiwe lililochomoza chini, kwenye maungio ya koki, au kwenye bomba zito linaloning'inia bila kuegemezwa. Usiliache tupu kabisa wakati wa kiangazi. Maji kidogo hulizuia lisipeperushwe na upepo, na hupunguza joto la ukuta pale yanapougusa.

Mabomba ya maji

Kanuni ya kwanza kwa bomba la PVC ni kufukiwa. Udongo ni kinga kamili dhidi ya mwanga. Mvua inapoosha udongo na kulifunua bomba, mkazi aliye jirani asingoje lipasuke. Alifukie, au atoe taarifa kwa kamati ya maji siku hiyo hiyo.

Sehemu zisizoweza kufukiwa, kama vile zile zinazopanda ukutani kuelekea tangi, zipakwe rangi ya maji iliyo nyeupe au yenye weupe. Osha bomba kwa sabuni, likwaruze kidogo kwa msasa laini, liache likauke, kisha paka mikono miwili. Usitumie rangi ya mafuta inayochanganywa na tina, kwa sababu viyeyusho vyake huweza kuishambulia PVC yenyewe.

Bomba jeusi la polietilini hustahimili mwanga, lakini likiachwa juu ya ardhi lina taabu nyingine. Joto hulilainisha na kulirefusha. Bomba la mita 100 likipata ongezeko la joto la nyuzi 20 laweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita 25, na usiku likajikunja tena. Mvuto huo wa kila siku hulegeza maungio. Lifukie nalo, au liache na mapindo kidogo badala ya kulinyoosha kama uzi wa gitaa.

Kwa miradi ya vijiji, mabomba yanayosubiri kulazwa yahifadhiwe chini ya paa. Pasipo na paa, yafunikwe kwa kitu kisichopitisha mwanga, na hewa iachiwe nafasi ya kupita chini ya kifuniko ili joto lisijikusanye. Yalazwe juu ya mbao zilizopangwa sawa ili yasipinde. Bomba lililopigwa jua uwanjani kwa miezi mingi laweza kuonekana jipya, kisha likapasuka fundi anapolikaza au maji yanapofunguliwa kwa kishindo.

Nyaya za umeme

Katika sehemu hii uharibifu wa jua huhatarisha uhai. Nyaya zilizotengenezwa kwa matumizi ya ndani zina ganda la PVC lisiloandaliwa kwa jua. Zikivutwa nje kutoka nyumba kuu kwenda jikoni, bandani au kwenye kibanda cha biashara, ganda hukauka, hupasuka, na shaba hubaki wazi. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukuta wa bati au kamba ya nguo iliyoguswa na waya huo huweza kuua.

Kwa nje tumia kebo yenye ganda nene jeusi lililotengenezwa kwa ajili hiyo, au pitisha nyaya ndani ya bomba la kinga. Ukiona ganda lililopasuka, usilizungushie utepe ukaridhika. Zima umeme kwenye swichi kuu, zuia watoto wasisogee, na mwite fundi mwenye sifa.

Viti, ndoo na madumu

Kiti cha plastiki kilichokaa nje miaka kadhaa hakimwonyi mtu kabla ya kuvunjika. Huvunjika ghafla, aghalabu kwenye maungio ya mguu, na anayeanguka mara nyingi ni mzee au mama mjamzito aliyepewa kiti kwa heshima. Baada ya shughuli, viti vipangwe kimoja juu ya kingine na kuwekwa ndani au barazani. Ofisi za vijiji, nyumba za ibada na vikundi vya kukodisha viti vinaweza kuvifunika kwa turubai kuukuu pale ambapo ghala halipo. Ni afadhali turubai lichakae kuliko viti.

Ndoo za kunawia mikono shuleni na kwenye zahanati ziwekwe kivulini. Mahali panapopasuka kwanza ni kwenye tundu la koki, na ndoo inayovuja humfanya mtoto aache kunawa. Dumu la kutekea maji nalo halina haja ya kulala juani usiku na mchana. Likishamiminwa, liingizwe ndani.

Kamba, viroba na maturubai

Kwa kuwa vitu hivi vimefumwa kwa nyuzi nyembamba, ndivyo vinavyokufa mapema kuliko vyote. Kamba ya plastiki ya kisima ichunguzwe kila juma. Ishike kwa mikono miwili na uikunjue nyuzi zake: ukiona vumbi jeupe likidondoka au vinyuzi vikikatika, ibadilishe kabla ndoo haijabaki kisimani. Kamba ya namna hiyo isitumiwe kamwe kumshusha mtu kisimani au kumfungia fundi juu ya paa.

Viroba vya mbolea au nafaka visiachwe nje. Kiroba kilichopigwa jua hupasuka kinapoinuliwa, na mazao huchanganyika na udongo. Turubai la kukaushia mahindi halina budi kukaa juani wakati wa kazi, na hiyo ndiyo kazi yake. Kosa ni kuliacha hapo baada ya mahindi kuondolewa. Likung'ute, likunje, lihifadhi ndani, na msimu wa pili litakufaa tena.

Bomba la hewa la choo

Bomba hili lina tabia inayovutia. Katika choo bora cha shimo chenye bomba la hewa, tunataka bomba lipate joto, kwa sababu hewa yenye joto hupanda na kuvuta harufu kutoka shimoni. Hivyo haliwezi kufichwa kivulini. Suluhisho ni kulipaka rangi ya maji iliyo nyeusi: rangi hiyo huizuia mionzi isiifikie PVC, na wakati huo huo huongeza joto linalovuta hewa. Kagua pia wavu wa juu. Ukiwa wa plastiki, jua litauharibu mapema na nzi watapata njia. Wavu wa chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi.

Dalili na vipimo vya nyumbani

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya kiangazi, fanya ukaguzi huu:

1. Sugua uso wa chombo kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na unga mweupe, tabaka la nje limekwisha kuharibika.
2. Linganisha rangi ya upande wa juani na ile ya kitako au ya upande wa ukutani. Tofauti kubwa ni onyo.
3. Tazama kwa makini kwenye pembe, maungio na mashimo ya skrubu. Nyufa ndogo kama utando wa buibui huanzia hapo.
4. Binya sehemu nyembamba taratibu. Plastiki yenye uhai hupinda na kurudi. Iliyokufa hutoa mlio mkavu, huweka alama nyeupe au huvunjika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dalili ya kwanza na ya pili zikionekana pekee, bado kuna muda wa kukiwekea chombo kivuli. Ikiwa kuna nyufa, chombo hicho kiondolewe katika kazi za kubeba watu, maji ya akiba au umeme.

Mambo ya kuepuka

Wapo wanaokipaka chombo kilichofifia mafuta ya taa au ya kupikia ili king'ae. Mng'ao huo hauunganishi minyororo iliyokatika. Mafuta ya taa huingia ndani ya polietilini na kuilainisha, na yakiwa kwenye chombo cha maji huyatia ladha na madhara. Wapo pia wanaosugua tangi kwa mchanga au wavu wa chuma. Mikwaruzo hiyo huwa mianzo ya nyufa. Maji, sabuni na kitambaa laini vinatosha.

Gundi za kawaida hazishiki polietilini. Tangi lililopasuka huzibwa kwa kuyeyusha na kuunganisha plastiki ya aina ile ile, kazi inayohitaji fundi na kifaa chake. Na ikiwa ukuta mzima umekuwa mkavu kama kigae, kuziba ufa mmoja ni kukaribisha mwingine pembeni yake.

Chombo kikishakufa

Plastiki iliyochakaa kwa jua haiozi. Huvunjika vipande, vipande vikawa chembe, na chembe zikabaki shambani, mtoni na matumboni mwa mifugo. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, shabaha ilikuwa kupunguza taka za namna hiyo. Turubai linalonyauka juani ni taka ile ile inayokuja kwa njia nyingine. Kiondoe chombo kabla hakijawa unga, kitenganishe kwa aina yake, na wapelekee wanunuzi wa plastiki chakavu. Usikichome moto. PVC hasa, ikiungua, hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu, pamoja na sumu zinazodumu katika udongo.

Wajibu wetu wa pamoja

Tangi la shule, bomba la kijiji na viti vya ofisi ya kata vimenunuliwa kwa fedha za wote, na kwa hiyo jicho la kuvilinda ni la wote. Kamati za shule zinaweza kuingiza paa la tangi katika mipango yao ya mwaka. Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyosimamiwa na RUWASA, vinaweza kuyatembelea mabomba baada ya kila mvua kubwa na kuorodhesha yaliyofunuliwa. Mkazi naye, akiona bomba wazi au tangi lenye ufa, atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, au kwa mtendaji wa kata.

Bati mbili na miti minne juu ya tangi ni gharama ndogo ukilinganisha na tangi jipya. Jua hatuwezi kulizuia, wala hatutaki, maana ndilo linalotukaushia mahindi na kutuoteshea mazao. Lakini kivuli tunaweza kukitengeneza.

Maswali ya kujipima

1. Ni vitu gani vitatu vinavyoshirikiana kuiharibu plastiki iliyo juani?
2. Kwa nini ukuta wa upande mmoja hautoshi kulipa tangi kivuli mwaka mzima?
3. Ni plastiki ipi inayofaa kupakwa rangi, na ni rangi ya aina gani?
4. Kwa nini kamba huharibika kabla ya tangi, ingawa vyote vimekaa juani muda ule ule?
5. Nyumbani kwako leo, ni chombo gani ambacho kingefaa kuhamishiwa kivulini kabla ya saa nne asubuhi ya kesho?